Sura ya Tatu: Mtambo Uliogoma Saa Nne

Siku ya tatu ilimkuta Mkaguzi Kupe ameshagombana na jengo zima kwa sababu ya chai.

Jana yake alipiga marufuku birika zote za umeme, kuanzia kibanda cha mlinzi hadi ofisi ya Mkurugenzi. Hakufanya hivyo kwa roho mbaya. Kwa wiki tatu sasa, kila siku ya kazi, ikigonga saa nne kamili asubuhi, kompyuta za madirishani pale Ofisi ya Vyeti zilikuwa zinazorota kwa saa nzima. Karani akiandika jina la mtoto mchanga, herufi zinajikokota moja moja, na kabla jina halijaisha mtoto ameshaanza kutambaa. Ikifika saa tano, kila kitu kinarudi sawa, ila foleni iliyolundikana haiishi mpaka jioni. Na kwa kuwa saa nne ndiyo saa ya chai, mlinzi alimnong'oneza Kupe kwamba wachawi ni birika, zinanyonya umeme wote. Kupe hakuwa mtu wa kudharau fununu. Akazima birika. Saa nne ikafika, kompyuta zikalala vilevile, safari hii pamoja na makarani wenyewe. Akaandika kwa penseli kwenye daftari lake la shule: Birika hazina hatia. Mpaka jioni hakuna aliyemsalimia.

Jina hilo la Kupe alipewa na wenzake wa makao makuu, na hawakumpa kwa mapenzi. Walisema akishang'ata jambo habanduki mpaka ashibe. Yeye mwenyewe hakuona tusi hapo. Alikuwa mama mwenye miaka arobaini na saba, mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa uzi shingoni, na katika maisha yake hakuwahi kuamini jambo ambalo halikuandikwa mahali.

Na hapo ndipo penye kisa, maana mtuhumiwa alikuwa wifi yake.

Wifi wa tumbo moja na mumewe. Ofisini walimwita Mama Mitambo, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyesimamia mtambo mkuu unaolisha kompyuta zote za jengo. Siku moja kabla ya balaa alinyimwa likizo, akatoka kwa Mkurugenzi akasema mbele ya watu wanne, "Mtanikumbuka." Kesho yake, saa nne, wakamkumbuka. Keshokutwa Mkurugenzi akakifunga chumba cha mtambo, akabandika karatasi yenye mhuri mlangoni, na tangu hapo Mama Mitambo alikuwa akija kazini kukaa kwenye kiti cha korido, mkoba mapajani. Leo saa nane mchana kamati ya nidhamu ingekaa. Barua ya kumfukuza kwa kosa la hujuma ilikuwa imeshachapwa, imebaki sahihi tu.

Wifi hawa wawili hawakuwa wamesemeshana kwa miaka miwili, kwa ajili ya kabati. Mama mkwe alipohamia kwa mwanawe wa mwisho, kabati lake la milango mitatu lilibaki kwa Kupe. Wifi akasema aliahidiwa yeye. Kupe akasema hewala, hiyo ahadi imeandikwa wapi? Tangu siku hiyo wakawa wanakutana misibani na kuangaliana visigino.

Kupe alimweleza mkuu wake wazi kwamba hawezi kumchunguza ndugu. Mkuu akamuuliza kama wanapatana. Hawapatani. Wanasalimiana? Hawasalimiani. "Basi huna upendeleo," mkuu akasema, akagonga mhuri. Nyumbani mumewe hakumsihi wala hakumtisha. Asubuhi hii alimtilia chai mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu fungate, akamwekea na kisahani, kisha akaenda kusimama dirishani kumpa mgongo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Kupe hakuliandika daftarini. Siku alipolisoma jina la mtuhumiwa, moyo wake ulifurahi kidogo. Kidogo tu, lakini ulifurahi. Aliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa inamsukuma kuliko chai ya mumewe.

Saa tatu na nusu aliingia kwa Mkurugenzi kuomba ufunguo wa chumba cha mtambo.

Mkurugenzi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kuhutubia hata akiagiza maji. Kompyuta ya mezani kwake ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na juu ya kitambaa kulikuwa na chombo cha maua. Barua pepe zake Katibu Muhtasi humchapia na kumletea kwenye faili. Ukutani nyuma yake zilining'inia picha za matukio ya ofisi, na katika kila picha alikuwa katikati. Alimweleza Kupe kwamba ofisi hii imejengwa juu ya ufanisi, kwamba yeye binafsi ameupigania ufanisi, na kwamba mtu mmoja hawezi kuachwa auangushe ufanisi wa wengi. Kupe akahesabu. Ufanisi mara tatu, na bado hajaketi.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mama," Mkurugenzi akahitimisha kwa huzuni, akamkabidhi ufunguo. Akaongeza kwamba barua iko tayari, na kwamba saa nane ni saa nane.

Kupe alipita ukumbini akielekea korido. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Bwana na bibi waliokuja wiki tatu zilizopita kuchukua cheti cha ndoa wakiwa wameshikana mikono, leo walikuwa wamekaa mabenchi mawili tofauti. Mzee mmoja aliyekuja kufuata cheti cha kifo cha nduguye alikuwa anamwambia karani kwamba kwa mwendo huu waandike na chake kabisa, wamwekee tu pale. Kupe akatazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano kufika saa nne.

Wifi yake alikuwa kwenye kiti cha korido, mkoba mapajani.

"Hujambo, wifi."

"Sijambo, Mheshimiwa Mkaguzi."

Kupe akafungua daftari. Akamwambia anakwenda kufungua chumba cha mtambo na anahitaji mtu wa kumwelekeza. Kanuni ni moja: mtuhumiwa haruhusiwi kugusa kitu. Ataelekeza kwa mdomo, na Kupe ndiye atakayebonyeza. Wifi akamtazama kuanzia viatu hadi miwani, akainuka.

Chumba kilikuwa kidogo na baridi, kinavuma. Kabati moja la chuma lilikuwa na taa ndogo za kijani zinazopepesa, na mbele yake meza, kiti na skrini. Kupe akaichana karatasi ya mhuri, akaandika muda alioichana, akaketi. Skrini ilikuwa nyeusi tupu. Hapakuwa na picha za kubofya wala madirisha ya rangi, ni alama moja tu inayowaka na kuzima pembeni, ikisubiri.

Akauliza mengine yako wapi. Wifi akamjibu kwamba hakuna mengine. Hapa unaandika amri, unabonyeza, unajibiwa. Usipouliza hakikwambii kitu, na ukiuliza vibaya kinakukatalia. Kupe akajikuta anakipenda kifaa hicho. Katika miaka ishirini ya kazi hajawahi kupata shahidi wa namna hiyo.

"Nieleze kwanza, kwa maneno ya nyumbani," akasema. "Kitu gani kinaweza kuuzorotesha mtambo kwa saa moja tu?"

Wifi alitaka kukaa kimya, ilionekana usoni. Lakini miaka kumi na tisa ya kazi ilimshinda.

"Mtambo una nguvu yake, haiongezeki. Ni sufuria moja na walaji ni wengi: madirisha ya wateja, ripoti, chumba cha nyaraka za zamani. Kwa hiyo kuna mipango ya mgao. Mpango wa mchana unasema kati ya mafungu kumi, wateja wapewe saba. Wa jioni unawapa wenye ripoti. Halafu kuna ratiba, inasema mpango gani uanze saa ngapi. Mtu akichezea mgao au ratiba, walaji wengine watalamba sufuria."

"Na mipango yote inaonekana?"

"Ukiiomba orodha."

Ndipo kazi ikaanza, na ilikuwa kazi kweli. Kupe alikuwa anaandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, ule wa penseli. Wifi akitaja herufi, yeye anaitafuta, anaipata, anaibonyeza kwa nguvu zote. Mtambo ukakataa. Wifi akasema herufi ndogo, siyo kubwa. Mtambo ukakataa. Akasema hapo katikati acha nafasi. Kupe akaacha nafasi tatu, ili asilaumiwe.

"Wifi, unabonyeza au unaua mende?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili Mama Mitambo kumwita Kupe wifi. Wote wawili walilisikia, na wote wakajifanya hawakulisikia. Kupe akafuta, akaandika upya, akabonyeza.

Orodha ikatokea. Mistari mitatu: MCHANA, JIONI, UFANISI. Pembeni ya MCHANA palikuwa na kinyota. Wifi akasema kinyota kinaonyesha mpango unaofanya kazi sasa hivi. Kupe akainakili yote daftarini, na kinyota akakichora. Kisha akatazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa nne kasoro dakika moja.

"Tusubiri," akasema.

Wakasubiri. Mshale ulipofika juu, kabati la chuma likabadilisha sauti, likaanza kuguna. Kwa mbali, ukumbini, ikasikika ile "aaah" ya watu sitini kwa pamoja. Kupe akaiandika amri ileile, safari hii bila kusahihishwa. Mistari mitatu. Kinyota kilikuwa kimehama. Sasa kilikuwa pembeni ya UFANISI.

Kupe alihisi furaha ambayo watu wengine huipata harusini. Akaomba amri ya ratiba. Wifi akamtajia, sauti yake sasa ikiwa ya haraka. Jibu likaja: MCHANA huanza 07:30, JIONI huanza 17:00. Na UFANISI: kila siku ya kazi, kuanzia tarehe moja ya mwezi huu, 10:00 hadi 11:00. Mafungu tisa kati ya kumi yanakwenda chumba cha nyaraka za zamani. Yaani kila saa nne asubuhi mtambo ulikuwa unawanyang'anya nguvu walio hai kwenye foleni, ukavipa vitabu vya miaka hamsini iliyopita.

"Kumbe ni huu," Wifi akasema polepole. "Lakini huu ulitakiwa ufanye kazi alfajiri, watu wakiwa wamelala."

Kupe akanyoosha penseli hadi mstari wa mwisho wa skrini. Mpango wa UFANISI uliandikwa kwa jina la nani? Jina la kuingilia lilikuwa pale, waziwazi. Lilikuwa la Mama Mitambo.

Kupe akalinakili jina hilo, kabati likiguna.

Wifi hakulia wala hakuapa. Alieleza kwa mfululizo, akiangalia ukuta, na Kupe aliandika kila neno. Mwezi wa kwanza kulikuwa na semina ya kujifunza mipango hii. Alikuja mkufunzi, na Mkurugenzi akawa mgeni rasmi. Sasa mgeni rasmi hawezi kuja akaondoka hivihivi. Ni lazima azindue. Baada ya kukata utepe mlangoni, wakamketisha hapahapa aandike mpango wa kwanza kwa mkono wake, uanze mwezi wa sita, vitabu vya zamani vitakapokuwa vimeingizwa. Kwa kuwa Mkurugenzi hana jina la kuingilia, mtambo ulifunguliwa kwa jina la msimamizi.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapo mlangoni, nimeshika sinia la mkasi."

"Baadaye hukukagua alichoandika?"

Wifi alisita. Alisema aliwahi kuiomba orodha mara moja, akaliona jina la UFANISI lipo, akaridhika. Saa hakuitazama. Mkurugenzi amepanga, watu wamepiga makofi, yeye ni nani wa kwenda kumsahihisha? Na mpango ulikuwa umelala miezi mitano bila kumdhuru mtu. Ulipoamka, siku ya pili akafungiwa mlango.

Kupe akaandika na hilo, kwamba hakutazama saa, maana haki haina shemeji wala wifi. Lakini alikuwa ameanza kumwamini, na kumwamini mtu bila karatasi kulimpa kiungulia. Akaufunga mlango, akauweka ufunguo mfukoni, akaenda kuitafuta karatasi.

Katibu Muhtasi alikuwa mama mwembamba, mwoga wa kila kitu isipokuwa kazi yake. Kupe alipomuuliza nani aliandika mpango siku ya semina, alisema hakumbuki. Nani alikaa kwenye kiti? Hakumbuki. Mkurugenzi alikuwepo? Hapo akasema wageni walikuwa wengi. Kupe hakumkaripia. Alimwomba tu muhtasari wa semina, na Katibu Muhtasi akajikuta ameinuka na kufungua saraka kabla hajaogopa, maana kuulizwa muhtasari na kusema hana kungekuwa tusi kwa ukoo wake.

Ulikuwa na kurasa nane, pamoja na idadi ya soda. Kupe aliusoma wote. Ukurasa wa sita, aya ya pili, paliandikwa: *Mkufunzi alimwomba mgeni rasmi apange kazi hiyo ianze saa kumi alfajiri. Mgeni rasmi aliketi, akaandika yeye mwenyewe, kwa ufanisi mkubwa. Makofi.*

"Kumbe unakumbuka," Kupe akasema.

"Mimi sikumbuki, mama. Karatasi ndiyo inayokumbuka."

Ikawa saa saba kasoro. Kupe akaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi na muhtasari mkononi, na huko akapigwa chenga ambayo hakuitarajia. Mkurugenzi hakukana hata kidogo. Aliinuka, akamwonyesha picha ukutani: yeye ameketi mbele ya skrini nyeusi, vidole hewani, watu wanapiga makofi, na pembeni kabisa mkono wa mtu umeshika sinia. Kupe akavaa miwani, akaisogelea picha hadi pua ikagusa kioo. Skrini ilikuwa imemeremeta kwa mwanga wa kamera, haisomeki.

"Ni mimi niliyeandika, na najivunia," Mkurugenzi akasema. "Niliandika saa kumi alfajiri, kama nilivyoelekezwa. Nawe unaniambia sasa mtambo unauanza saa nne asubuhi. Basi kuna mtu aliuhamisha. Na mwenye jina la kuingilia ni mmoja."

Hoja ilikuwa nzito. Orodha haikusema mpango uliandikwa siku gani wala kama uliwahi kubadilishwa. Ilisema tu jina na saa. Kupe alitoka pale na muhtasari wake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii aliogopa kushindwa. Akilini alimwona mumewe amesimama dirishani kampa mgongo. Alimwona wifi yake akitoka getini na mkoba, mhujumu wa miaka kumi na tisa, kwa kosa la kushika sinia.

Alikaa kwenye benchi la ukumbini, karibu na yule mzee wa cheti cha kifo, ambaye alikuwa bado anasubiri. Mzee alikuwa anamsomea yule bibi harusi wa cheti cha ndoa karatasi aliyopewa dirishani, ya kurudi kesho.

"Wameandika nifike 10:00," alisema. "Mchana wote huo wa kukaa nyumbani, nije jioni ofisi imefungwa. Watu hawa wana akili kweli?"

Bibi harusi akamweleza kwamba 10:00 ni saa nne asubuhi, babu, hiyo ni ya kompyuta, inaanza kuhesabu usiku wa manane. Mzee akasema kumi ni kumi, na kama kompyuta haijui saa ifundishwe.

Kupe alisimama ghafla, daftari likaanguka. Aliliokota, akamshukuru mzee kwa mikono miwili, akaondoka kwa mwendo ambao kwa mama mwenye cheo chake ulikuwa unakaribia mbio.

Saa saba na nusu walikuwa wanne ndani ya chumba cha mtambo: Mkurugenzi, Katibu Muhtasi aliyebeba faili lenye barua ya kufukuza, Wifi aliyeambiwa asimame mlangoni, palepale aliposimama siku ya sinia, na Kupe, mpole kuliko alivyowahi kuwa.

Alimwambia Mkurugenzi kwamba yeye binafsi anamwamini. Tatizo ni kamati. Kamati ina watu wenye midomo, na wanaweza kusema kwamba siku ile mgeni rasmi aliandikiwa, yeye akaweka vidole tu kwa ajili ya picha. Njia ya kuwaziba ni moja. Aandike tena, sasa hivi, mpango mwingine wa saa ileile, mbele ya mashahidi, kisha mambo ya sahihi yaendelee.

Mkurugenzi alikaa kabla sentensi haijaisha. Kupe akamwekea mbele karatasi yenye amri aliyokuwa ameinakili kutoka kwa Wifi, sehemu ya jina na sehemu ya saa zikiwa wazi.

"Mpango uitweje, mheshimiwa?"

"Uadilifu," Mkurugenzi akasema, na alikuwa amekwisha kuanza kuliandika.

Ilimchukua dakika nne. Alipofika kwenye saa, Wifi alijongea hatua moja. Kupe alimtupia jicho, Wifi akarudi mlangoni.

"Hapo ni saa kumi alfajiri, ile uliyoambiwa siku ile," Kupe akamkumbusha.

"Najua." Mkurugenzi akabonyeza moja, akabonyeza sifuri, akamalizia na sifuri nyingine mbili.

"Una hakika, mheshimiwa?"

"Mama, saa kumi ni saa kumi," akasema kwa upole wa mwalimu, na kubonyeza.

Mtambo haukuchelewa. Ulikataa, na ukatoa sababu yake kwa mstari mmoja: saa 10:00 tayari ina mpango, unaitwa UFANISI.

Hakuna aliyecheka. Wifi aliziba mdomo kwa mtandio. Mkurugenzi aliutazama mstari ule kwa muda mrefu, kisha akaitazama saa yake ya mkononi, kisha mstari tena. Ilionekana wazi kwamba ndani ya kichwa chake mshale ulikuwa unazunguka, unatafuta pa kusimama. Ulisimama. Shingo yake ikalowa jasho ndani ya chumba baridi.

"Basi," akasema hatimaye, "mtambo una saa zake."

"Una saa zake, mheshimiwa. Kumi yake ni saa nne yetu. Saa kumi ya alfajiri kwake inaandikwa nne."

"Hii ni hitilafu ya kiufundi."

"Hitilafu nimeitafuta siku tatu. Nimewanyima watu chai." Kupe alifungua daftari. "Nitaandika nilichokiona. Aliyeandika ni Mkurugenzi. Shahidi ni Mkurugenzi. Hakukusudia. Na msimamizi hakutazama saa, naye nimemwandika. Hujuma hakuna."

Katibu Muhtasi, ambaye hakuweza kuona kikao kinaendelea bila kuandika, alikuwa amekosa karatasi. Alichokuwa nacho ni barua ya kufukuza. Akaigeuza upande mweupe, akatoa kalamu, na kuuliza aandikeje.

Mkurugenzi aliangalia mlangoni. Kwa kumtendea haki, kama Kupe alivyokuja kuandika baadaye, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyethubutu kumchungulia begani akiandika. Alishusha pumzi.

"Andika yaliyotokea," akamwambia Katibu Muhtasi. Kisha, akimwangalia Mama Mitambo, "Na andika kwamba namwomba radhi. Na likizo yake."

"Kuanzia lini, mheshimiwa?" Katibu Muhtasi akauliza.

"Aseme mwenyewe."

Wifi alisema kuanzia Jumatatu. Akaomba pia kiti chake. Mkurugenzi akainuka, akampisha, na Mama Mitambo akaketi mbele ya mtambo wake kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Vidole vyake vilipita juu ya vitufe kwa wepesi hata Kupe hakuona herufi. Ratiba ikatokea upya: UFANISI, 04:00 hadi 05:00. Kisha akaomba orodha, akaikagua mstari kwa mstari, akiisoma kila saa kwa sauti, ile ya mtambo na ile ya watu.

Wengine walipoondoka, walibaki wawili na mvumo. Kupe alikuwa anafunga daftari polepole kuliko ilivyohitajika. Alitaka kusema kwamba siku ya kwanza alifurahi, na kwamba anajuta. Neno halikutoka. Likatoka jingine.

"Wifi. Lile kabati. Jumamosi njoo na watu wa kubeba."

Wifi hakugeuka. "Ahadi umeikuta imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa."

Vidole vikasimama juu ya vitufe. Wifi alipojibu, sauti yake haikuwa kavu tena. Akauliza waje saa ngapi, maana wabebaji ni watu wa kupewa muda kamili.

"Saa kumi," Kupe akasema.

Wifi akageuka na kiti chake, taratibu, akamtazama.

"Ya nani?"

Kicheko kilimtoka Kupe kwa ghafla mpaka miwani ikamdondoka shingoni, na Wifi alikuwa ameinama juu ya vitufe, mabega yanatikisika, skrini ikijaza herufi za upuuzi ambazo mtambo ulikuwa unazikataa moja baada ya nyingine. Katibu Muhtasi alichungulia mlangoni kuuliza kama aandike na hilo.